Mwanya wa Kuazima

Walisema sitaweza. Niliporudi Lushoto na diploma yangu ya utabibu wa kinywa na meno, nikakodi chumba cha ghorofani juu ya soko, nikakipaka rangi nyeupe na kutundika kibao kilichoandikwa TUNATENGENEZA TABASAMU, watu walisimama barabarani wakasoma, wakacheka, kisha wakashuka sokoni kuendelea kucheka huko. Walisema jino la mtu wa milimani likiuma hung'olewa, na lisipouma huachwa lilivyo. Walisema hakuna mkulima wa kabichi atakayekaa kwenye kiti ili apendezeshwe mdomo. Walisema mtoto wa mpasua mbao wa Magamba, aliyekwenda shule na kandambili zisizofanana, hawezi kuwa tabibu wa kitu chochote labda wa shoka.

Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mama mmoja muuza matunda, peasi na plamsi. Meza yake ilikuwa chini kabisa ya ngazi zangu, kwa hiyo sikuwa na njia ya kumkwepa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jana umetengeneza tabasamu ngapi?"

"Bado, mama. Nimeng'oa magego tu."

"Haya chukua peasi ule. Usije ukafa njaa, tukakuzika na tabasamu lako."

Wenzake wa meza za jirani waliangua kicheko, naye akacheka pamoja nao. Lakini mimi sikusomea mambo haya bure. Niliona kwamba kabla kicheko chake hakijatoka, mkono ulikuwa umeshapanda, umeshika upindo wa mtandio, umeziba mdomo. Mkono ulitangulia, kicheko kikafuata. Mtu hafanyi hivyo kwa haya. Anafanya hivyo kwa sababu kuna kitu anakilinda, na amekilinda muda mrefu mpaka mkono umezoea kujituma wenyewe.

Niseme kidogo kuhusu mimi, maana nisipojisifu nani atanisifu? Nilizaliwa ukingoni mwa msitu, katika nyumba ambayo vumbi la mbao liliingia mpaka kwenye uji. Nilisoma kwa ukaidi. Diploma niliipata mjini, na baada ya hapo nikafanya kazi miaka sita Dar es Salaam katika kliniki ya watu wenye nafasi zao, wale wanaokuja kutengenezewa meno kama wengine wanavyokwenda kushonewa suti. Mchana nilikuwa kwenye kiti cha wagonjwa. Jioni wenzangu walipokuwa wanavua makoti, mimi niliingia maabara ya nyuma kujifunza kuunda meno bandia, kazi ambayo hakuna aliyenituma. Ndiyo maana leo, katika milima hii yote, mimi ndiye ninayeweza kukutazama mdomoni asubuhi na kukuundia jino kwa mikono yangu mwenyewe. Wengine hupima, wakatuma kipimo mbali, wakasubiri. Mimi sisubiri mtu.

Na nikuambie kitu nilichojifunza kule, ambacho mpaka leo kinanishangaza kila ninapokitazama. Jino si jeupe. Watu wa Dar walikuja na picha kwenye simu wakitaka meno meupe kama sinki la kunawia, na wengine niliwapa walichotaka. Lakini jino lenyewe, alivyoliumba Mungu, pale kwenye fizi lina rangi ya samli iliyoganda, katikati linafunguka kama maziwa yaliyochanganywa na maji kidogo, na kwenye ncha kabisa mwanga unapita ndani yake kama kwenye barafu. Rangi tatu, nne, ndani ya kitu kisichozidi ukucha. Na hakuna meno mawili yanayofanana, hata ndani ya kinywa kimoja. Mara ya kwanza nilipoliona hilo nilikaa na jino mkononi mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nalala humo.

Kibao changu kilikuwa kimeanza kupauka kwa mvua siku binti alipopanda ngazi. Nilimfahamu kwa sura tu. Alikuwa binti mkubwa wa yule mama muuza peasi, anafanya kazi ofisini Tanga, na alikuwa amerudi nyumbani kwa ajili ya sherehe yake ya kuagwa. Sendofu yake ilikuwa imebakiza majuma machache.

"Kaka, nina mambo mawili," alisema. "Moja ni langu, moja la mama. Nianze na la mama, maana ndilo linaninyima usingizi."

Mama yake alikuwa amekataa kukaa mbele. Katika sendofu zetu, mama wa binti huitwa mbele ya wageni. Anapewa kipaza sauti, anawatambulisha ndugu, anasema neno kwa upande wa bwana harusi, kisha anamkabidhi mtoto wake. Hakuna anayeweza kuifanya kazi hiyo kwa niaba yake bila watu kuuliza kuna nini. Huyu mama alikuwa ametangaza kwamba shangazi atasema, yeye atakuwa nyuma na wapishi.

"Anasema jiko haliwezi kuachwa," binti alisema. "Mama yangu, kaka! Msibani yeye ndiye msemaji, kwenye kikoba yeye ndiye msemaji, sokoni wewe mwenyewe unamsikia. Nimemwuliza, mama, ni mkwe humpendi? Akalia. Mdogo wangu ndiye aliyeniambia: anaogopa kipaza sauti kwa sababu mkono mmoja utashika kipaza sauti, na wa pili utashika mikono ya wageni. Hautabaki wa kuziba mdomo."

Nilimwuliza ilikuwaje. Akanieleza kwamba miaka mingi nyuma, yeye akiwa bado mtoto mdogo, wakati wa masika, mama aliteleza kwenye njia ya utelezi akiwa na tenga la peasi kichwani. Alikataa kuliachia tenga, akaanguka nalo, ukingo wake ukamgonga mdomoni. Meno mawili ya mbele ya juu yaling'oka palepale, na la pembeni likavunjika ncha. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwona akicheka wazi. Picha za harusi za jamaa, za Idi, za mahafali, zote amefumba.

"Na jambo lako ni lipi?" nilimwuliza.

Akacheka, na nikaona. Katikati ya meno yake ya mbele kulikuwa na mwanya mzuri, wazi.

"Nataka uzibe huu. Kuna dawa wanajazia, nimeona kwenye simu. Sitaki kwenye picha zangu nionekane kama bado nasoma shule ya msingi."

Nilimwambia inawezekana, na kwamba ni kazi ya asubuhi moja, haina sindano wala maumivu. Nilisema kweli. Nilipanga kuifanya baada ya kumaliza na mama.

Mama aliletwa kesho yake, mume mbele, binti nyuma, kama mbuzi anayepelekwa mnadani.

"Sikuja kwa hiari," aliniambia alipofika juu, akihema. "Ujue hivyo."

"Najua, mama. Shikamoo. Shikamoo, baba."

"Marahaba," walijibu pamoja. Mume alikuwa mkulima mpole, mrefu, mtu wa maneno machache. Alitafuta kiti cha karibu na mlango akaketi na kofia yake magotini.

"Utanichoma sindano?"

"Labda, kidogo. Leo sichomi. Leo natazama tu."

"Utanitazama wapi?"

"Mdomoni, mama."

"Ah," alisema, na mkono ukapanda.

Sikumharakisha. Nilikaa kwenye kigoda changu nikaanza kumweleza yote yatakayotokea, kwa sababu nimejifunza kwamba mtu haogopi maumivu kama anavyoogopa kutojua. Nilimwambia kwanza nitasafisha ugaga, ule uchafu mgumu uliojijenga kwenye mizizi ya meno, na kwamba fizi zitatoa damu siku hiyo na kupona haraka. Nilimwambia maji ya huku kwetu, ambayo asubuhi ni baridi kama chuma, yatamwuma meno kwa siku chache, basi anywe ya vuguvugu. Nilimwambia lile jino lililovunjika nitalijenga kwa dawa laini inayofanana na jino, nikiligandisha kwa mwanga wa bluu, na kwamba dawa hiyo haiwi na nguvu kama jino la Mungu, kwa hiyo muwa ameshauaga. Mwisho nitamtengenezea meno mawili ya kuvaa na kuvua. Yatakaa kwenye kibamba chembamba cha rangi ya fizi, na hakuna atakayejua.

"Yatakuwa meupe kama ya wale wa kwenye televisheni?"

"Hapana. Yatakuwa kama yako."

"Yangu wewe ulishayaona wapi?"

"Naomba niyaone sasa."

Akamtazama mumewe. Mume akatazama nje kwa heshima. Mkono ukashuka.

Sitaeleza nilichokiona, maana kinywa cha mtu ni siri yake, ila nitasema kwamba kilikuwa kinywa kizuri kilichojeruhiwa. Nilisema hivyo kwa sauti, naye akafumba macho, na chozi likateremka mpaka sikioni.

Kazi ya kusafisha ilichukua safari mbili. Alilalamika kwa vidole, kwa miguu, na kila nilipotoa vifaa mdomoni alimalizia sentensi aliyoikatisha. Siku ya kuchagua rangi ndiyo niliyoipenda. Rangi ya jino haichaguliwi chini ya taa. Taa hudanganya. Dar tulikuwa tunahangaika na jua kali linaloingia dirishani na kufanya kila kitu kuwa cheupe. Lakini Lushoto, asubuhi, ukungu unapopanda kutoka bondeni kuelekea Magamba na jua bado halijapasua, kunakuwa na mwanga mmoja laini usio na upande wala kivuli. Mwanga huo hukaa muda mfupi tu. Mimi naamini hakuna mahali pengine duniani penye mwanga bora wa kusoma jino, na namsubiri atakayenibishia. Nilimweka mama dirishani, nikamwambia afute rangi ya mdomo, na tukasubiri ukungu kama watu wanaosubiri mgeni.

"Tunasubiri nini, daktari?"

"Ukungu upande."

"Miaka yote nimeulaani ukungu huu unavyoniozeshea plamsi," alisema. "Kumbe una kazi."

Ulipopanda, nilisogeza vijino vya mfano kimoja baada ya kingine kando ya meno yake, na kimoja kikapotea. Hivyo ndivyo unavyojua kuwa umepata, jicho linaposhindwa kukitofautisha na vingine. Mwili unanisisimka kila mara.

Kisha nikachukua kipimo. Dawa ya kipimo ni ya unga, unaikoroga na maji mpaka iwe kama uji mzito, inanukia mnanaa, unaijaza kwenye sahani yenye umbo la taya na kuikandamiza kwenye meno. Mtu hudhani atatapika. Nilimwambia apumue kwa pua, ainamishe kichwa mbele na achezeshe vidole vya miguu. Alivichezesha kwa bidii mpaka kiatu kikaruka kikamfikia mumewe. Kutoka kwenye kipimo nilimimina plasta, na jioni nikawa na taya la mama mezani kwangu, jeupe, gumu, na lile pengo katikati.

Niliketi nalo nikapanga meno mawili juu ya nta nyekundu. Niliyapanga kama nilivyozoea Dar, mbavu kwa mbavu, yamegusana, mstari wa katikati umenyooka kama kamba ya fundi uashi. Yalikuwa meno mazuri, na sikuwa na shaka nayo hata chembe.

Siku ya kujaribisha walikuja wote watatu. Kujaribisha kwenye nta ni hatua ambayo kila mtu anayetengenezewa meno anapaswa kuidai, maana nta inasogezwa, lakini plastiki ikishaiva haisogei. Nilimvalisha mama, nikampa kioo cha mkononi, nikarudi nyuma nikijua nitasifiwa.

Alitazama muda mrefu. Alifunua mdomo, akafumba, akafunua tena.

"Mazuri," alisema hatimaye, polepole. "Mazuri sana. Ya nani haya?"

"Yako, mama."

"Hapana, mwanangu. Haya yana mwenyewe, wala si mimi."

Nilimgeukia mume nikitafuta msaada. Mzee alisimama, akasogea, akainama kumtazama mkewe kama anayemtazama mgeni aliyekuja na barua.

"Yako vizuri," alisema kwa adabu. Kisha akaongeza, "Nitazoea tu."

Maneno hayo mawili ya mwisho yalinigonga kuliko kicheko chote cha sokoni. Mimi sitengenezi meno ili mume wa mtu azoee.

"Mama," nilisema, "kuna nini kimekosekana?"

Mkono ulikuwa umeshapanda tena. Alisema nyuma ya kiganja: "Mwanya wangu."

Basi nikaelewa. Pengo lilikuwa limeumeza mwanya. Meno mawili ya katikati yanapoondoka, hakuna anayeweza kuona kwamba zamani kati yao palikuwa na nafasi. Kitabu hakiwezi kukuambia, na taya la plasta haliwezi kukuambia. Huku kwetu pengo ni hasara na mwanya ni neema. Kuna wanawake walioimbiwa kwa ajili ya mwanya. Na mimi, mtoto wa hapahapa, nilikuwa nimemletea mama mdomo wa mwanamke wa Dar.

"Ulikuwa na upana gani?" niliuliza.

"Wa kawaida," alisema mama.

"Mpana," alisema mume.

"Mpana wapi? Punje ya mchele ilikuwa haipiti!"

"Harage lilipita."

"Harage? Harage!" Mama alikuwa ameketi wima kwenye kiti, nta mdomoni, kidole kimenyooka. "Baba watoto, huyo unayemsema ni nani? Maana mwenye mwanya wa harage alikuwa mdogo wangu, na mimi nataka kujua ulimtazama lini!"

Mzee alivaa kofia, akaivua. "Nilisema harage kwa mfano."

Picha ya kuamua ugomvi huo haikuwepo. Ya harusi yao ilikuwa na mama aliyefumba mdomo, kama mabibi harusi wa wakati ule walivyofundishwa. Nyingine zote zilikuwa za baada ya kuanguka. Majuma yalikuwa yameisha, zimebaki siku. Nilijua jambo moja: akitoka pale na meno yasiyo yake, atayavua kwenye ngazi, atayatia mfukoni, na siku ya sendofu atakuwa nyuma na wapishi.

Ndipo binti alipocheka. Alikuwa ameegemea ukuta, ameshikilia tumbo, ugomvi wa harage umemmaliza, na mdomo wake ulikuwa wazi kabisa. Nikauona. Nilikuwa nimeshauona kabla, siku ya kwanza, kama kazi ya kufanya. Safari hii niliuona kama kitu kilichopewa mtu na mtu. Mezani kwangu, kando ya mkono wangu, dawa ya kuuziba ilikuwa imeshapangwa, rangi yake imeshachaguliwa, taa ya bluu iko tayari. Kama ningemshughulikia binti kwanza na mama baadaye, asubuhi ile ningekuwa nimeufuta ushahidi wa mwisho uliobaki duniani. Mwili ulinisisimka mpaka kwenye unywele.

"Baba," nilimwambia mzee, "mtazame binti yako. Ni ule?"

Mzee alimtazama mwanaye. Akamtazama mkewe. Alipojibu, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Ndiyo huo," alisema. "Wala si wa harage."

"Nilisema mimi," alisema mama.

Nilivuta kiti cha pili. "Dada, naomba ukae."

"Ndiyo unaziba?"

"Bado. Nataka uniazime kwanza."

Nilichukua kipimo cha binti, nikamimina plasta, na usingizi wangu wa jioni ile ukaishia mezani na mataya mawili yamewekwa bega kwa bega. Hapo ndipo nilipoona jinsi Mungu anavyofanya kazi bila haraka. Mwanya ule haukuwa nafasi tu. Juu kwenye fizi ulikuwa mwembamba, chini ukafunguka. Jino la kushoto liligeuka kidogo sana, kama mlango ulioachwa wazi kwa mgeni anayetarajiwa. Na taya la mama, pande zote ambako sikuhitaji kuazima kitu, lilikuwa taya lilelile la binti. Nilikuwa nimeshika mama na mtoto mikononi mwangu, na nilishindwa kusema yupi ni yupi.

Kulikuwa na tatizo la kiufundi, na nalieleza kwa sababu nililitatua. Pengo likikaa miaka, meno jirani huinama kuelekea humo, kama miti inavyoegemea njia. Nafasi ya mama ilikuwa imepungua. Meno ya upana wa kawaida yangejaza yote na mwanya usingepata mahali. Ilinibidi nichague meno membamba zaidi, niyachonge ubavuni kwa jiwe, niyapunguze mpaka yakubali kuacha nafasi kati yao na bado yaonekane ya mtu mzima. Tabibu wa kawaida asingejaribu. Niliyapanga upya kwenye nta, la kushoto nikaligeuza lile geuzo la mlango.

Walipokuja tena, mama hakukimbilia kioo. Alimgeukia mumewe kwanza, akafunua mdomo.

Mzee aliinuka akatoka nje kwenye korido, akasimama huko ametupa mgongo, mabega yanamtikisika.

"Analia?" aliuliza mama.

"Anapunga hewa," alisema binti, naye machozi yanamtoka.

Mama akachukua kioo. Alipojiona alisema neno moja la Kishambaa, taratibu, kama anavyosema mtu akikutana na ndugu aliyedhani amekufa ugenini. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Karibu nyumbani."

Nta nikaigeuza kuwa plastiki. Umeme ulikatika, nami nikachemsha chuma changu cha kupikia meno juu ya jiko la gesi, nikipunguza na kuongeza moto kwa mkono, kwa sababu plastiki ya meno ikichemshwa kwa pupa hufanya vitobo kama mkate. Haikufanya hata kimoja. Nikasugua mpaka ikang'aa.

Siku ya kuvaa nilimwambia ukweli wote. Kwa siku za kwanza mate yatajaa, maana kinywa hudhani ni chakula. Utahisi mdomo wa juu umesukumwa. Usiku vua, piga mswaki, weka kwenye maji. Peasi usiing'ate kwa mbele, ikate kwa kisu. Pakikuuma njoo nipunguze, usipunguze mwenyewe kwa tupa ya mumeo. Na maneno yenye sauti ya s yatapiga mluzi, mpaka ulimi ujue mlango mpya uko wapi.

"Nifanyeje?"

"Zungumza, mama. Sema kitu chenye s nyingi."

Alisimama, akaenda dirishani, akalifungua, na kwa sauti iliyofika mpaka stendi akapiga: "Peasi safi! Plamsi safi sana! Sogea, usisite!"

Soko zima likainua macho. Mluzi ulitoka, ndiyo, lakini meno yalikaa. Wenzake wa meza za chini walimwona dirishani kwangu, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi hakuna aliyecheka kuhusu kibao.

Binti alibaki nyuma kidogo wakati wa kuondoka. Alitazama ile dawa yake mezani.

"Kaka, hii yangu tuiache kwanza."

"Ni mdomo wako," mama alisema kutoka mlangoni. "Mimi sikukatazi. Ukitaka kuziba, ziba."

"Nitaziba baadaye, mama."

"Haya."

Hajaja mpaka leo.

Siku ya sendofu nilivaa suti yangu ya Dar, nikapewa kiti cha katikati ya ukumbi, si nyuma, na nilikistahili. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka mshereheshaji alipomwita mama wa binti. Nilianza kuhesabu kichwani kila nilichomfundisha, na ndipo nilipogundua kitu kimoja ambacho sikumjaribisha. Vigelegele. Ulimi unaopigwa pande zote kwa nguvu, kinywa kimeachama, pumzi yote inatoka. Hakuna kitabu nilichosoma kinachosema lolote kuhusu meno ya kuvaa na vigelegele.

Mama aliinuka. Alikuwa amevaa gauni la kitenge na mtandio wa rangi ya plamsi iliyoiva. Alipita katikati ya meza, akachukua kipaza sauti, na nikaona mkono wake wa pili ukianza safari yake ya zamani. Ulipanda mpaka kifuani. Pale mama mmoja wa upande wa bwana harusi akanyoosha wake kumsalimu, na mama wa binti akaupokea. Mikono yote miwili ikawa na kazi.

"Wakwe zangu," alisema. Sauti haikupiga mluzi. "Shangazi yetu ndiye alikuwa aseme. Nimemwambia akae, leo nitasema mwenyewe. Mtoto huyu nimemzaa, nimemlea kwa peasi na plamsi, leo nawapa. Kazi anaijua. Adabu anayo. Hasira zake ni za baba yake, mtazoea." Watu wakacheka. "Lakini kuna kitu kimoja nawapa kwa masharti." Akamvuta binti karibu, akamwambia acheke. Binti akacheka. Mama naye akacheka, wazi, mbele ya watu wote, mdomo kando ya mdomo. "Mnauona? Huo ni wa kwetu. Tunawaazima tu. Wajukuu wakija bila huo, mtatueleza."

Ukumbi ulipasuka. Na katikati ya kelele zile mama akainua kidevu, akaachama, akapiga kigelegele.

Nilisimama bila kujua kwamba nimesimama. Kilikuwa kigelegele kirefu, cha mtu aliyekiweka akiba miaka, kikapanda mpaka kwenye bati, wanawake wakakidaka meza hadi meza, na bado chake kilikuwa juu ya vyote. Nilikuwa nimejiandaa kutazama kibamba kama kitacheza, fizi kama zitaachia, lile geuzo la kushoto kama litaonekana kutoka mbali. Sikutazama hata kimoja. Nilikuwa namtazama mama akiwa na mtoto wake, mikono yao imeshikana chini, na mzee wao mezani amevua kofia, ameiweka kifuani, anamtazama mkewe kama siku ya kwanza alipomwona akicheka.